Sudan Kusini: Timu iliyohangaika kutafuta uwanja wa nyumbani

JUBA. Novemba 14, 2024 mashabiki wa Uganda walikuwa na kila sababu ya kufuatilia mechi ambayo timu yao haikucheza. Jijini Juba, Sudan Kusini iliichapa Kongo Brazzaville mabao 3-2 katika kuwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Matokeo hayo yaliipa Uganda tiketi ya fainali za Morocco, siku moja kabla Cranes hawajashuka dimbani Kampala kuikabili Afrika Kusini, ambayo nayo ilifuzu kwa matokeo hayohayo. Wenyeji, maarufu kama Bright Stars, walikuwa wameshatolewa.

Kwa wanaopitisha mizigo Elegu na Nimule, ulikuwa wema wa jirani usioandikwa kwenye daftari la madeni. Hesabu za majirani hawa uwanjani zilianza mapema.

Julai 10, 2011, siku moja baada ya uhuru, timu ya taifa ilicheza Juba na Tusker ya Kenya ikafungwa 3-1. Mechi hiyo haikuwa rasmi, kwani nchi haikuwa bado mwanachama wa CAF wala FIFA. Uanachama wa CAF ulipatikana Februari 2012, na Mei mwaka huo FIFA ikaipokea kama mwanachama wa 209. Julai 10, 2012 Uganda ilifika Juba kwa mechi ya kwanza rasmi. Richard Justin akafunga bao la kwanza la taifa jipya, na timu zikatoka sare ya 2-2.

Mwanzo huo mzuri haukudumu. Katika Kombe la CECAFA la 2012 jijini Kampala, kikosi cha kocha Mserbia Zoran Đorđević kilipoteza mechi zote tatu mbele ya Ethiopia, Kenya na Uganda bila kupata bao hata moja. Desemba 2013 vita vikazuka Juba. Mwaka uliofuata, baada ya kuchapwa 5-0 na Msumbiji mjini Maputo, timu ililazimika kuchezea mechi yake ya "nyumbani" Khartoum. Iliambulia suluhu.

Ushindi wa kwanza rasmi ulipatikana Juba, Septemba 5, 2015, kwa bao la Atak Lual dhidi ya Guinea ya Ikweta. Machi 2017, baada ya kulala 2-0 ugenini, Bright Stars waliirarua Djibouti 6-0 mbele ya mashabiki wao na kusonga mbele.

Baadaye uwanja wa Juba ukafungwa kwa ukarabati uliosaidiwa na FIFA ili ufikie viwango, na timu ikarudi kuhangaika. Novemba 2020 ilibidi iipokee Uganda jijini Nairobi. Hata hivyo ilishinda 1-0, kwa penalti ya Tito Okello.

Mfanyabiashara anayepanga kibanda katika soko la mji wa watu anaielewa hali hiyo. Kodi analipa yeye, lakini faida nyingine zinabaki kwa mwenyeji. Timu inapochezea nje, vyumba vya hoteli, nauli za bodaboda, maji na njugu zinazouzwa getini, vyote huingiza fedha mji mwingine. Mashabiki wake hubaki redioni.

Uwanja ulifunguliwa tena 2024. Septemba mwaka huo Afrika Kusini ilihitaji bao la dakika za nyongeza kuondoka Juba na ushindi wa 3-2. Miezi miwili baadaye Kongo ikaanguka. Lakini kucheza nyumbani pekee hakutoshi. Katika kuwania Kombe la Dunia 2026, Sudan iliondoka hapo na ushindi wa 3-0, Senegal ikaondoka na 5-0, na Sudan Kusini ikamaliza mkiani mwa kundi bila ushindi hata mmoja.

Nchi hiyo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haijawahi kucheza fainali za AFCON. Zile za 2027 zimepangwa kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Mabasi ya Kampala huondoka Juba kila siku, na mchuuzi wa Konyo Konyo anaijua nauli yake. Kwake, kufika fainalini kama mtazamaji ni rahisi. Kumwona Justin mwingine akifunga huko ndilo jambo ambalo Juba bado inalisubiri.