Kizunguzungu Kitokacho Sikioni

Mtu akionekana mchana akipepesuka, ameshika ukuta huku akitapika, wapita njia hawakawii kutoa hukumu: amelewa. Wengine hunong'ona kwamba ana kifafa, au kwamba amerogwa. Hukumu hizo nazijua, kwa kuwa nimezisikia nikiwa nimelala chini, nami maishani mwangu sijaonja pombe.

Yafaa ieleweke kwamba sikio lina kazi mbili. Ya kwanza, ya kusikia, kila mtu aijua. Ya pili ni kuulinda mwili usianguke. Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa wa kichwa, mna mifereji mitatu myembamba iliyopindwa mfano wa nusu duara, nayo imejaa maji. Kichwa kikigeuka, maji yale husukuma vinyweleo vidogo mno, navyo hupeleka habari katika ubongo. Masikio mawili yakileta habari zisizopatana, ubongo hudanganyika, na mtu aliyetulia huona nyumba ikimzunguka.

Zamani madaktari wa Ulaya walidhani kwamba kizunguzungu cha namna hiyo chatokana na damu kujaa ubongoni, wakawatoa wagonjwa damu bure. Aliyewapinga ni Prosper Ménière, daktari Mfaransa aliyekuwa akitunza viziwi mjini Paris. Mwaka 1861 alieleza kwamba chanzo ni sikio, naye akafa mwaka 1862, kabla neno lake halijakubaliwa na wengi. Leo ugonjwa huo waitwa kwa jina lake. Maji ya sikio la ndani huzidi kadiri, ingawa sababu ya kuzidi kwake madaktari hawajaipata barabara.

Mgonjwa kwanza huhisi sikio moja limeziba, kisha husikia mvumo kama wa mashine ya kusagia unga iliyo mbali. Halafu dunia huanza kuzunguka, kwa muda wa dakika 20 au hata saa 12, pamoja na kutapika. Kikiisha, hubaki amechoka kama aliyelima kutwa. Lakini shida iliyo kubwa zaidi ni kutojua siku wala saa. Waweza kukaa miezi mingi bila dalili yo yote, kisha ukashikwa mbele ya mkubwa wako wa kazi, faili likiwa mkononi. Tena kadiri miaka ipitavyo sikio lile hupungukiwa na usikivu, nawe huitwa mwenye kiburi kwa kuwa hukuitikia salamu.

Basi mtu aishije? Madaktari wengi huagiza chumvi ipunguzwe. Ugali kwa sukuma wiki isiyokolea chumvi ni adhabu kwa majuma mawili ya kwanza. Baadaye ulimi huzoea. Mimi sipandi ngazi wala mti, na baiskeli nimempa mdogo wangu. Kinaponijia, nakaa chini pale pale, kisha nalala, nikikazia macho kitu kimoja kisichotikisika. Karani mwenzangu nimemweleza yote mapema, naye huwazuia watu wasinivute-vute wala kuninyanyua kwa nguvu.

Wapo waliofika mbali na ugonjwa huu. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kupaa angani juu kabisa, mwaka 1961, baadaye alizuiwa kuruka kwa sababu yake. Akapasuliwa sikio, na mwaka 1971 akatembea juu ya mwezi. Sisi hatuombi kufika huko. Kufika ofisini kwatutosha, na wengi wetu hatuhitaji kisu.

Walakini si kila kizunguzungu ni hiki. Kile kisichofika dakika moja, kimjiacho mtu akigeuka kitandani, mara nyingi hutokana na vipunje vidogo vya chokaa vilivyotoka mahali pake ndani ya sikio, na daktari aweza kuvirudisha kwa kukigeuza-geuza kichwa cha mgonjwa kwa utaratibu maalum. Dawa nazo, kama kwinini na sindano za streptomaisini, zaweza kulidhuru sikio. Apewaye dawa hizo akisikia mvumo au akiyumba, amwambie daktari mara moja. Na mtu akishikwa na kizunguzungu huku ulimi umekuwa mzito, uso umepinda au mkono umelegea, asilazwe nyumbani kungoja kipite. Huo waweza kuwa ugonjwa wa ubongo, na apelekwe hospitali saa ile ile.