Gari la Mjomba lilivyonitia adabu

MSOMAJI wangu, mjini hapa aibu zipo za kila aina. Kuna ya kudaiwa kodi mbele ya mgeni. Kuna ya kukataliwa na msichana huku washikaji wanasikia. Lakini kama hujawahi kusimama kando ya barabara ya Morogoro saa saba mchana, suti ya kuazima mwilini, boneti liko wazi, mvuke unafuka na makondakta wa mabasi wanakuzomea, basi aibu bado hujaijua.

Mimi naijua. Na wiki hii nimeamua kuitoa hadharani, maana nimeona vijana wengi siku hizi wamepata wazimu wa BMW za zamani, na wengi wanaelekea kulekule nilikopita.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu wa Magomeni alilazwa hospitali, presha na sukari vimempanda kwa pamoja. Kabla hajachukuliwa aliniita, akanikabidhi ufunguo. "Mpwa wangu, kila Jumamosi iwashe, ipate moto, kisha izime. Nje ya geti usiitoe."

Nikamjibu, "Nimekusikia, Mjomba." Tena kwa adabu zote.

Jumamosi ya tatu kulikuwa na harusi Morogoro. Mtoto wa kiume mwenye ufunguo wa BMW mfukoni apande basi? Thubutu! Nikawapakia washikaji wanne, muziki juu, tukaondoka.

DAWA YA CHINI YA MTI

Foleni ya Kimara ilipotubana, sindano ya joto ikaanza kupanda. Tukasimama Mbezi kwa fundi mmoja wa chini ya mti. Hakuuliza hata gari ni la mwaka gani. Akafungua, akachomoa thamostati, akaitupia mtaroni.

"Hii kitu ni ya Ulaya kwenye baridi," akasema. "Bongo joto tupu, ya nini?" Akajaza maji ya bomba, akachukua elfu kumi yake, tukashukuru.

Tulipopita Mlandizi sindano ikavuka katikati. Niliiona, wallahi niliiona. Mshikaji mmoja nyuma akasema, "Kaza mwanangu, tutakosa pilau." Nikakaza. Mbele kidogo ya Vigwaza gari likakohoa, likatetemeka, likanyamaza.

Pilau hatukula. Gari lilirudi Dar limepakiwa juu ya Fuso kama mzoga wa ng'ombe. Mjomba alipotoka hospitali, macho yamepungua nguvu kwa sukari, nikamwambia uongo: "Mjomba, lilichemka palepale uani wakati nalipasha moto." Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Haya." Basi. Tangu siku hiyo habari ya gari hakuigusa tena. Ningeona afadhali anitukane.

GARI LENYEWE NI LIPI?

Ni BMW 320i ya mwaka 1988, bluu, taa nne za duara mbele, na zile pua mbili katikati. Mjomba alilinunua mwaka 1996 kwa Mzungu mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa kazi anarudi kwao. Wapenzi wa magari haya hutumia jina la kiwandani, E30. Zilianza kutengenezwa mwaka 1982, na za mwisho zilitoka mwaka 1994. Duniani zilitoka zaidi ya milioni mbili.

Kama unataka kujua gari hili linapendwaje, usiende Ujerumani, nenda Afrika Kusini. BMW ilichukua kiwanda cha Rosslyn, nje ya Pretoria, mwaka 1973, kikawa cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Ujerumani. E30 ziliundwa pale, na walitengeneza hata aina zao wenyewe. Mojawapo ni 333i, ambayo bodi hiyohiyo ndogo ilitiwa injini ya lita 3.2. Vijana wa vitongoji wakalibatiza gari hili "Gusheshe". Mpaka leo utaliona likizungushwa uwanjani, matairi yanatoa moshi, umati unapiga kelele.

Kwetu hilo lina faida yake. Wenzetu wale usukani wao uko kulia kama sisi, na kwa kuwa bado wanayaendesha, spea zipo. Ukiwa na jamaa dereva wa lori anayepitia Tunduma, tayari una nusu ya duka.

MZEE WA GEREZANI

Miezi miwili gari lilikaa uani chini ya turubai, kuku wanataga kwenye boneti. Madalali wa skrepa walishaanza kugonga geti. Hapo ndipo nilipomtafuta mzee mmoja fundi wa Gerezani, ambaye watu waliniambia anayajua magari haya tangu yakiwa mapya.

Alikuja, hakushika spana. Akafungua droo ya dashibodi, akatoa daftari dogo la jalada jekundu ambalo mimi sikuwahi kuligusa. "Soma," akasema.

Ilikuwa hati ya Mjomba, tangu mwaka 1996. Kila oili iliyomwagwa, kila plagi, kila mkanda, na kilometa pembeni. Ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika: SINDANO IKIVUKA KATIKATI, SIMAMA. USIBISHANE NAYO.

Mzee akanitazama. "Ulibishana nayo?"

"Nilibishana, Mzee."

"Basi tufungue tuone hasara."

Msomaji, sikiliza hapa vizuri. Injini ya 320i hii ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Bloku ni chuma, lakini hedi ya juu ni alumini. Chuma na alumini havitanuki sawa. Joto likizidi, alumini inapinda au inapasuka. Yetu ilipasuka. Ufa mwembamba kama unywele, hata kidole hakiusikii, lakini maji yanapita na kuingia kwenye oili. Oili ilikuwa kama maziwa.

Na ile thamostati iliyotupwa mtaroni? Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kazi yake si kuzuia maji tu. Injini ikishapata moto, inafungua njia ya rejeta na papo hapo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiichomoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengine ya moto yanazunguka ndani kwa ndani bila kupoa. Yaani ile dawa ilikuwa ndiyo sumu.

Maji ya bomba nayo yana kesi. Watu wanadhani ile dawa ya rejeta ni ya kuzuia barafu tu, na Dar barafu iko kwenye soda peke yake. Kumbe inazuia kutu pia na inafanya maji yachelewe kuchemka. Daftari la Mjomba lilisema wazi: ya bluu, nusu kwa nusu na maji safi.

MIEZI MINANE YA JUMAMOSI

Kazi ikaanza. Hedi ya mtumba nilipata kwa shilingi laki saba, na hiyo ni baada ya kuuza simu yangu na kuandika makala mpaka vidole vikaota sugu. Mzee alikataa kuifunga hivihivi. Tuliipeleka kwanza ikapimwe kama ina ufa, kisha uso wake ukasawazishwa kwenye mashine.

Boliti za hedi akakataa za zamani. Zile za mwanzo zina kichwa cha pembe sita, na zinajulikana kwa kukatika kichwa ghafla, kipande kinaangukia ndani kinaharibu kila kitu. Tukatafuta zile za kichwa cha nyota, mpya. Tukabadilisha pampu ya maji, mipira yote na mkanda wa taimingi. Huo mkanda usiufanyie mzaha. Mzee anataka ubadilishwe kila baada ya miaka minne hata kama gari limelala tu, kwa sababu ukikatika, vali zinagongana na pistoni na injini imekwenda na maji.

Mchumba wangu mwanzoni alinuna. "Jumamosi zangu zote zimechukuliwa na bibi wa chuma," alilalamika. Siku moja akaja na chakula, akakuta tunahangaika kusoma namba kwenye kipande cha pampu. Akashika tochi, akasoma. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye orodha. Ndiye aliyegundua kwamba herufi na namba saba za mwisho za chesisi zinatosha kutafuta spea ya gari lako hasa, na kwamba kila spea ya BMW ina namba yake ya tarakimu kumi na moja. Muuza duka akikwambia "hii inaingia tu", mtajie namba uone anavyobadilika sura.

Siku ya kujaza maji nilijifunza jambo la mwisho. Huwezi kumimina tu ukafunga. Hewa inanasa juu, karibu na nyumba ya thamostati. Pana skurubu ndogo pale. Unaweka hita ya ndani kwenye moto, unailegeza skurubu, unamimina taratibu mpaka mapovu yaishe na maji matupu yatoke. Skurubu ndogo kama kifungo cha shati! Wangapi wameua injini kwa kutoijua?

KABLA HUJATOA FEDHA

Kwa wewe uliyeona BMW kuukuu mahali inauzwa bei ya pikipiki na roho inakudunda, mzee wa Gerezani anakutumia salamu hizi:

Kwanza, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, shuku maji kwenye oili. Usitoe fedha mpaka injini imepimwa.

Pili, omba injini uikute ya baridi. Muuzaji anayekupokea na gari lililokwisha kupashwa moto ana jambo analificha.

Tatu, namba za kilometa usiziamini haraka. Ndani ya saa ya E30 kuna vigia vya plastiki ambavyo huvunjika, namba zikasimama huku gari likiendelea kula barabara. Endesha kilometa mbili tatu uone kama zinasogea.

Nne, ingia uvunguni. Kutu ndiyo adui, hasa kwa gari lililokaa karibu na bahari. Rangi mpya inayong'aa isikutie kichaa, rangi ni kanga tu.

Tano, uliza rekodi. Gari chakavu lenye daftari ni afadhali kuliko gari zuri lisilo na historia.

Na jipange. Bei ya kununulia ni kiingilio tu. Kama fedha uliyonayo inatosha kununua gari peke yake, basi haitoshi.

SIKU YA MJOMBA

Injini iliwaka Jumamosi moja asubuhi, mara ya tatu tu ya kusukuma ufunguo. Ule mlio wa silinda sita, laini, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Tukaiacha dakika ishirini. Sindano ikapanda, ikafika katikati, ikatulia.

Mjomba alikuwa barazani. Akasimama, akaja akipapasa ukuta, akafungua mlango wa abiria, akakaa. Hakusema kitu. Anasikiliza.

"Thamostati mmeweka?" akauliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Mpya?"

"Mpya."

"Hewa mmetoa?"

"Tumetoa yote."

Akanyoosha mkono kwenye droo, akatoa daftari jekundu na kalamu, akanipa. "Macho yangu hayaoni tena mistari. Andika wewe."

Nikaandika tarehe. Nikaandika hedi, boliti, pampu, mkanda, maji ya bluu nusu kwa nusu. Nikamsomea. Akatikisa kichwa.

"Bado. Andika na ile safari."

Moyo ukanipasuka. "Safari gani, Mjomba?"

"Mpwa wangu, siku moja kabla ya kulazwa niliandika kilometa. Uliporudisha gari, nilimwomba mtoto wa jirani anisomee saa. Zimeongezeka themanini na kitu. Uani kwangu hapa hapana urefu huo."

Miezi yote ile alijua! Alijua, akawa ananingoja niseme mwenyewe. Fundi wa Gerezani akajifanya anafuta spana. Mchumba wangu akatazama chini.

Nikaomba msamaha pale pale, mikono yote miwili. Kisha nikaandika, chini ya hati yake nzuri, kwa hati yangu mbaya: Vigwaza. Sindano ilivuka katikati. Sikusimama.

"Sasa imekamilika," akasema Mjomba. "Rudisha daftari mahali pake. Halafu nipeleke mpaka Mapipa na kurudi. Taratibu."

Nikampeleka. Washikaji wa kijiweni walipunga mikono, lakini msomaji wangu, sikuwapungia. Nilikuwa naangalia sindano.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na wewe mwenye ufunguo wa watu mfukoni, unajijua!