Nani Amekula Kunde? Kusoma Alama za Midomo Porini na Shambani

Katika mazungumzo yetu ya leo tutaangalia jambo ambalo wawindaji wa zamani walilijua sana, lakini wakulima wengi hatulitilii maanani. Jambo lenyewe ni kuitambua mimea ya porini inayoliwa na wanyama kama pongo, nsya, digidigi na tandala, na kujua mmea ulioliwa umeliwa na nani.

Huenda mtu akauliza, "Bwana shamba, mimi si mwindaji. Ya nini kujua mnyama wa porini anakula nini?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili. Mwindaji mzoefu haanzi kwa kumtafuta mnyama. Huanza kwa kutafuta chakula cha mnyama. Akishajua mti gani unachipua mwezi huu, na matunda gani yanaanguka bondeni, anajua mnyama atapita wapi. Mkulima naye akiyajua hayo, atajua shamba lake litaingiliwa lini na kwa upande gani. Tena ataweza kuepuka kumshitaki mtu asiye na kosa.

Chukua mfano. Mwenye shamba anaamka asubuhi, anakuta kunde zake zimeliwa vichwa, mstari mzima upande wa porini. Njiani anaona mavi ya mbuzi. Basi moja kwa moja kwa jirani! Maneno yanakuwa makali, wazee wanaitwa, jirani anatozwa fidia. Siku nne baadaye, mbuzi wakiwa wamefungwa bandani, kunde zinaliwa tena. Sasa fedha zinaweza kurudishwa, lakini ujirani utarudishwa na nani?

Wanyama tunaowazungumzia

Kwanza tuelewane kwa majina, maana kila mahali pana lake. Pongo ndiye ambaye wengine humwita mbawala, na wengine kulungu. Ana mistari au madoadoa meupe mwilini, na dume ana pembe zilizojisokota kidogo. Nsya ni mdogo kuliko pongo, na hupenda vichaka vya nyika. Digidigi ni mdogo zaidi, kimo chake hakifiki goti la mtu mzima kwa wengi wao, na huishi wawili wawili, dume na jike, katika vichaka vikavu. Tandala wako wawili, mkubwa na mdogo, na wote wana mistari myeupe ubavuni. Wale kulungu wa Ulaya na Marekani, wenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka, hao hawapo katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Wanyama hawa wote tuliowataja hula zaidi majani ya miti na vichaka, machipukizi, maua na matunda, kuliko nyasi. Ndiyo maana nyati akiingia katika majani anafyeka, lakini pongo hudonoa: ncha hapa, ncha pale, kisha anasogea.

Alama nne za kuangalia

Ukikuta mmea umeliwa, usiukanyage wala usiung'oe. Simama uangalie mambo manne.

Jambo la kwanza ni mkato. Sungura na ndezi wana meno makali ya mbele, juu na chini. Wakikata shina, mkato huwa safi na wa mshazari, kama umekatwa kwa kisu. Pongo, nsya, digidigi na tandala hawana meno ya mbele ya juu. Hapo juu pana ufizi mgumu tu. Hubana jani kati ya ufizi na meno ya chini, kisha huvuta. Kwa hiyo ncha hubaki imechanika, na nyuzi zinaning'inia. Panzi na viwavi hutoboa jani au hula kingo zake, wakaacha mishipa na shina.

Lakini hapa kuna tahadhari kubwa, nayo ndiyo inayowakosesha watu wengi. Mbuzi, kondoo na ng'ombe nao hawana meno ya mbele ya juu! Mkato wao unafanana na wa pongo. Kwa hiyo mkato peke yake unaweza kukuambia "huyu si sungura", lakini hauwezi kukuambia "huyu ni mbuzi wa jirani". Yakupasa uendelee.

Jambo la pili ni kimo. Digidigi hula chini, karibu na usawa wa goti. Nsya hupanda kidogo zaidi. Pongo hufika kiunoni na kupita kidogo. Tandala mkubwa anaweza kula matawi yaliyo juu ya kichwa cha mtu. Mbuzi ni mjanja, maana husimama kwa miguu ya nyuma na kuweka ya mbele kwenye shina. Ukikuta matawi ya juu yameliwa, tazama gome la mti: kama kuna michubuko ya kwato na udongo uliopakwa, fikiria mbuzi kwanza.

Jambo la tatu ni ardhi. Kwato za mbuzi huacha alama yenye ncha butu. Alama ya pongo ni nyembamba na imechongoka mbele. Ya digidigi ni ndogo mno. Tena angalia wingi. Mbuzi hutembea kundi, alama zao zinapishana na mavi yanatawanyika njiani. Pongo hutembea peke yake, au jike na mtoto wake. Digidigi ana desturi ya kurudia choo kimoja, hivyo ukiona lundo la mavi madogo mahali pamoja, jua uko katika mpaka wa himaya yake.

Jambo la nne ni wakati. Pita shambani jioni, kisha pita tena alfajiri kabla jua halijawa kali. Ncha iliyoliwa usiku huwa bado mbichi na ina unyevu. Iliyoliwa jana mchana huwa imeanza kukauka na kubadilika rangi. Pongo anayeishi karibu na watu hupenda kutoka usiku. Mbuzi waliofungwa bandani usiku hawawezi kula kunde za saa kumi alfajiri. Ushahidi huo peke yake umetosha kumaliza kesi.

Mimea ya kuifahamu

Sasa tuingie porini. Majina ya miti hubadilika kutoka kabila hadi kabila, kwa hiyo waulize wazee na wachungaji wa kwenu. Katika nyika zetu kavu, mimea ya kuanza nayo ni hii.

Mkole: kichaka hiki chenye matunda madogo hupendwa sana na digidigi na tandala mdogo, na mbuzi pia. Ukitaka kujua kama kuna walaji wa majani karibu, angalia mkole kwanza.

Migunga ya aina mbalimbali: huliwa machipukizi na maganda ya mbegu. Uko ule mgunga mkubwa wa mabondeni ambao tabia yake ni kinyume cha miti mingine: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuwa na majani wakati wa kiangazi. Maganda yake huanguka pori likiwa limekauka, na wanyama hukusanyika chini yake.

Mtunduru, ambao kwingine huitwa mkulagembe: maganda yake yaliyojisokota huliwa na wanyama wa porini na mifugo.

Mkwaju, mkunazi, mng'ongo na mkuyu: hapa angalia chini kuliko juu, kwa sababu matunda yaliyoanguka ndiyo yanayomvuta mnyama. Nsya na jamaa zake hufuata hata nyani na ngedere, wakaokota wanachoangusha.

Mbuyu: maua yake makubwa meupe huchanua usiku, kisha huanguka. Ukiona kwato chini ya mbuyu wakati wa maua, usishangae.

Mimea inayotambaa ya jamii ya kunde mwitu: hii huliwa sana mvua zikianza. Na kunde zako za shambani ni ndugu wa mimea hiyo, tena laini zaidi na zimepandwa kwa mstari. Mnyama hajui mpaka wa shamba. Yeye anaona chakula kile kile alichokizoea, kimetandikwa mezani.

Chakula ni kimoja, nyumba ni nyingine

Ndugu wakulima, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Si kila kichaka ambacho pongo anaonekana ndani yake ni chakula chake. Kingine ni nyumba tu.

Mfano mzuri ni lantana. Mmea huu uliletwa kutoka Amerika kama ua la bustani, sasa umejaa kando ya mashamba na mabonde. Majani yake yana sumu kwa mifugo. Lakini pongo hulala ndani ya kichaka chake mchana kutwa, kwa kuwa ni kizito na hakuna anayemsumbua. Usiku hutoka, hutembea hatua chache, hula kunde, hurudi kulala.

Sasa tazama tunavyofanya wakati wa kuandaa shamba. Tunakata mkole kwa fito, tunakata migunga kwa kuni na mkaa. Lantana tunaiacha, eti inachoma mikono na haina kazi. Maana yake tumeondoa chakula cha porini na tumeacha nyumba ya kulala, kisha tumepanda kunde mlangoni. Mnyama afanye nini?

Basi inatupasa tugeuze. Ondoa lantana na vichaka vizito vilivyo karibu na shamba, uking'oa na mizizi, maana ukifyeka tu itachipua tena. Acha mikole na migunga iliyo mbali na shamba iendelee kuwalisha wenyewe wa porini.

Namna ya kupima

Usikadirie kwa macho. Wiki mbili kabla ya kupanda, zunguka ukingo wa shamba. Chagua vichaka 10 vya mkole au mmea mwingine unaoliwa sana kwenu. Katika kila kichaka, funga uzi au ukambaa kwenye tawi moja lenye ncha 10 ambazo hazijaliwa. Jumla utakuwa na ncha 100. Rudi baada ya siku 3, uhesabu zilizoliwa. Kama ni 5, wageni ni wachache. Kama ni 40, jua kuna mlango hapo, na upande huo ndio wa kulinda kwanza.

Upande huo usipande kunde wala maharage mstari wa mbele. Panda ufuta, kwa mfano, ambao hauwavutii kama kunde. Weka uzio wa matawi ya miiba, ukiziba hasa njia zilizokwisha kukanyagwa. Wako wakulima wanaonyunyiza maji yaliyochanganywa na mavi ya ng'ombe kwenye mistari ya pembeni ili harufu imfukuze mnyama. Ukifanya hivyo, rudia kila baada ya mvua, na usinyunyize kabisa kwenye majani yatakayochumwa kwa mboga.

Usitege

Najua wapo watakaosema, "Nikishajua njia yake, natega kitanzi cha waya, nipate na kitoweo." Hapana. Kitanzi hakichagui. Hunasa jike mwenye mimba, hunasa mbwa wako, hunasa mbuzi wa yule yule jirani. Tena ni kosa. Hapa Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka mtu awe na leseni kabla ya kuwinda, na hata mwenye leseni haruhusiwi kutumia mitego ya namna hiyo. Kwa wenzetu wa Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kama uharibifu umekushinda, peleka taarifa serikali ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Ukienda na hesabu yako ya ncha, siku ulizopima na alama ulizoziona, utasikilizwa vizuri kuliko ukienda na hasira.

Faida kwa mfugaji

Wafugaji nao wasiondoke mikono mitupu. Miti inayoliwa porini mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zikiwa zimekwisha, mara nyingi ndiyo itakayowafaa mbuzi. Okota maganda ya migunga, uyaanike, uyahifadhi ghalani kwa siku za shida. Lakini changanya malisho, usiwalishe mbuzi mti wa aina moja kwa siku nyingi. Mnyama wa porini mwenyewe hafanyi hivyo: hudonoa na kusogea, kwa sababu majani mengi ya porini yana ukakasi unaodhuru yakizidi tumboni.

Kwa kifupi basi, tukumbuke mambo matatu. Soma mkato, kimo, ardhi na wakati kabla ya kumtaja mtu. Tofautisha mmea ulio chakula na kichaka kilicho nyumba. Na pima kabla ya kupanda, usingoje kulia baada ya kuliwa. Kesho asubuhi, kabla hujashika jembe, zunguka ukingo wa shamba lako mara moja, polepole, na watoto wakufuate wajifunze.