Usiuze Jembe la Babu kwa Kilo

Je, umepata kugonga chuma kwa jembe shambani, ukakiokota, ukakitazama, kisha ukakitupa? Siku hizi wako pia watafuta dhahabu wanaopita na chombo kinacholia penye madini ardhini. Kikilia, huchimba, wakikuta chuma kikuukuu hukitupa, au humpa mnunuzi wa chuma chakavu akipime kwa kilo. Hasara iliyoje! Hebu tujifunze kuvitambua vitu hivi.

Tuanze na jembe. Tazama mahali pa kutilia mpini. Jembe lililofuliwa na wahunzi wetu wa zamani lina mkia uliochongoka, nao ulipenyezwa katika tundu la mpini wenye kichwa kinene. Jembe la kiwandani aghalabu ni kinyume chake: tundu limo katika jembe lenyewe, na mpini ndio uingiao. Wala majembe ya wahunzi hayakuwa ya kulimia tu. Yalitolewa mahari, yakabadilishwa kwa mifugo na chakula. Yale ya Usumbwa yalibebwa mpaka soko la Tabora.

Huenda ukaona bonge jeusi, zito, lenye vitundu kama sifongo. Usidhani ni jiwe. Hayo ni mavi ya chuma, yaani takataka zilizobaki mawe ya chuma yalipoyeyushwa. Tafuta jirani yake vipande vya bomba la udongo vilivyoungua upande mmoja. Humo ndimo ulimopita upepo. Ukiviona pamoja, jua kwamba hapo palikuwa na tanuru. Huko Ufipa matanuru yalikuwa marefu kupita mtu, na huko Katuruka, Buhaya, watu waliyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita.

Je, umeokota sarafu? Tazama herufi D.O.A.; ni za koloni la Wajerumani. Heller zilianza kutolewa mwaka 1904, na 100 zilifanya rupia moja. Kumbe neno letu “hela” limetoka hapo! Ile ya heller 20 yenye mwaka 1916 na herufi T ilipigwa Tabora, wakati wa vita, meli za Waingereza zilipokuwa zimefunga njia ya bahari.

Lakini angalia sana! Si kila chuma ni cha kuokota. Kitu cha mviringo au chenye ncha, kizito, huenda kikawa bomu la vita vya 1914–1918 au vya Kagera vya 1978–1979. Mwezi wa Novemba 2017, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa lilipelekwa shuleni, likalipuka na kuua watoto. Ukiona kitu cha namna hiyo usikiguse wala usikigonge. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, ukawaite polisi.

Na vitu vingine je? Kwanza, usivisugue kwa mchanga wala msasa, maana kutu ikitoka kwa nguvu umbo nalo hutoka. Pili, andika mahali ulipokiona, kina chake, na vilivyokuwa pamoja nacho. Jembe lililong'olewa mahali pake bila habari ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Tatu, waonyeshe wazee. Wao wanajua jina la kitu na kazi yake. Nne, toa habari katika ofisi ya kijiji, ili watu wa Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa wajue. Katika Tanzania sheria ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvichimbua kunataka kibali.

Mnunuzi wa chuma chakavu atakupa fedha ya sukari ya siku mbili. Sukari itakwisha. Na mjukuu wako akiuliza, “Babu zetu walilima kwa nini?” utamwonyesha nini?