Alama ya mapenzi shingoni: namna ya kuificha, na dawa za mtaani zinazoharibu ngozi

Mjini Butembo au Goma, ambako asubuhi ni baridi, mtu akivaa fulari shingoni hakuna anayemwuliza. Huko Uvira au Kalemie ni hadithi nyingine. Joto la saa sita likiwa limeshika mji, na msichana akiwa amefunga kitambaa mpaka chini ya kidevu, majirani wanajua tayari. Kitambaa kinachotakiwa kuficha ndicho kinachosema.

Kinachofichwa ni alama ambayo vijana wengi wa mashariki mwa Kongo huita kwa neno la Kifaransa: susoni. Ni doa jeusi au la zambarau linalobaki pale mpenzi aliponyonya au kuuma shingo kwa nguvu. Kwa watu wazima wawili walioelewana, ni jambo la kucheka. Lakini kwa mwanafunzi anayerudi masomoni Jumatatu, kwa mama anayeishi na wakwe, au kwa mwimbaji wa kwaya anayesimama mbele ya kanisa lote, siku kumi za kuwa na doa hilo ni ndefu sana. Haraka ya kuliondoa ndiyo inawafanya wengi wapake vitu ambavyo madhara yake yanadumu kuliko alama yenyewe.

Susoni si uchafu, wala si rangi iliyokaa juu ya ngozi. Ni damu. Mdomo unaponyonya kwa nguvu, vishipa vidogo sana vya chini ya ngozi hupasuka, na damu inayotoka humo hubaki imenaswa chini ya ngozi. Ni jeraha lile lile analopata mtu akigonga goti kwenye meza, isipokuwa limekaa mahali pasipofaa. Ndiyo sababu sabuni haiwezi kuitoa, na hata kusugua hakusaidii.

Mwili wenyewe una kazi yake ya kufanya. Chembe zinazosafisha mwili huivunja damu ile kidogo kidogo, na kila hatua ina rangi yake: mwanzo wekundu au zambarau, kisha bluu inayokaribia weusi, baadaye kijani na manjano, mwisho rangi ya udongo. Kwa watu wengi safari hiyo huchukua kati ya siku tano na wiki mbili. Hakuna krimu inayoweza kuikatiza katika usiku mmoja, hata muuzaji aape namna gani.

Kwenye ngozi nyeusi mambo ni tofauti kidogo, na mashauri mengi yanayozunguka kwenye simu hayalisemi hilo kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya Wazungu. Ule wekundu wa siku ya kwanza mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni doa jeusi kuliko ngozi ya jirani yake, na kijani na manjano hupita bila kuonekana vizuri. Tena, ngozi nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Damu inaweza kuwa imekwisha kabisa, lakini doa likabaki kwa majuma au miezi, si kwa sababu ya busu bali kwa sababu ya yale yaliyofanyiwa ngozi baadaye.

Na yanayofanywa ni mengi. Wa kwanza hupaka dawa ya meno. Ina mentoli, basi mtu anasikia ubaridi na kuamini kwamba inafanya kazi. Ubaridi huo hauigusi damu iliyo chini. Dawa ya meno ilitengenezwa kwa ajili ya meno, na ikiachwa usiku kucha kwenye ngozi laini ya shingo inaweza kuichoma. Wengine hukwangua doa kwa sarafu au kwa kitana, wakidhani wanaitawanya damu. Vishipa ambavyo bado ni vibichi hupasuka tena, na doa lililokuwa la ukubwa wa kifuniko cha chupa linakuwa la ukubwa wa kiganja. Kuna wanaobandika kijiko kilichotolewa kwenye maji ya moto saa ile ile ya kwanza. Joto la mapema hupanua mishipa na kuongeza damu inayovuja, na likizidi mtu anajiunguza. Hapo anakuwa na majeraha mawili, na la pili linaweza kuacha kovu. Ndimu nayo huwasha ngozi, na mwenye kuipaka akitembea juani anaweza kupata doa jipya jeusi kuliko lile la kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni krimu za kung'arisha ngozi, zile zinazopangwa kwenye meza za masoko karibu na mafuta ya nywele. Mantiki ya mnunuzi inaeleweka: doa ni jeusi, krimu inang'arisha, basi doa litaondoka. Lakini weusi wa susoni ni wa damu, na krimu hizo hazifiki kwenye damu. Zinachofanya ni kushambulia rangi ya ngozi yenyewe. Nyingi zina hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya bluu na meusi ambayo ni shida kubwa kuyatibu. Nyingine zina zebaki, sumu inayopita kwenye ngozi na kudhuru figo. Nyingine tena zina dawa kali za jamii ya kotizoni, kama klobetazoli, ambazo mganga huziandika kwa magonjwa fulani ya ngozi na kwa siku zilizohesabiwa. Zikizoeleka huifanya ngozi kuwa nyembamba na vishipa kuwa dhaifu. Mtu aliyetafuta kufuta alama moja anabaki na shingo inayoshika alama kwa kuguswa tu.

Kinachosaidia ni kidogo, na kwa bahati ni cha bei ndogo. Katika siku ya kwanza na ya pili, ubaridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi au kumi na tano, kisha kupumzisha ngozi na kurudia baada ya saa chache. Barafu isiwekwe moja kwa moja kwenye ngozi, nayo huunguza. Mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ya kiosko inatosha, au kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi. Ubaridi hukaza vishipa na kupunguza damu inayovuja, kwa hiyo faida yake ni pale unapowahi. Siku ya nne hauna kazi tena. Baada ya siku mbili ndipo zamu ya joto inafika, na liwe joto la kitambaa cha uvuguvugu, ili damu itembee na mwili uondoe mabaki.

Kama panauma, paracetamol inatosha. Aspirini na ibuprofeni si chaguo zuri siku za mwanzo, kwa sababu zinazuia damu kuganda na zinaweza kulikuza doa. Aloe vera inapoza ngozi lakini haifuti kitu.

Kwa kuwa dawa ya haraka haipo, kuficha kunabaki. Shati la kola, rasta zilizoachiwa upande mmoja, kitambaa cha kitenge kinacholingana na nguo ili kionekane ni pambo: haya kila mtu anayajua. Wenye kutumia makiyaji wana njia bora, ila wengi wanakosea hatua ya kwanza. Wanapaka poda ya rangi ya ngozi yao moja kwa moja juu ya doa, na doa linatokeza kama kivuli cha kijivu. Kwenye ngozi nyeusi, weusi wa bluu huzimwa kwanza na rangi ya chungwa au nyekundu, tabaka jembamba sana, likigongwagongwa kwa ncha ya kidole bila kusuguliwa. Asiye na kifaa hicho anaweza kutumia tone la rangi ya mdomo ya chungwa. Juu yake ndipo inakuja fondaten ya rangi ya shingo, si ya uso, kisha poda ya kukausha. Ile rangi ya kijani inayosifiwa kwenye video ni kwa wenye ngozi nyeupe inayoonyesha wekundu. Na kama meno yalichana ngozi, makiyaji yangoje: panaoshwa kwa maji na sabuni, na aliyechanika aende kituo cha afya, maana mdomo wa mtu una vijidudu vingi.

Wengine hutafuta maneno badala ya poda. Mdudu alipita shingoni usiku. Feri ya kunyoosha nywele iliniunguza. Muuguzi hadanganyiki kirahisi. Mdudu huleta mwasho na mara nyingi malengelenge, feri huacha ngozi iliyobabuka. Susoni haiwashi, na ngozi ya juu yake ni nzima.

Inafaa kusema pia nani anabeba aibu. Kijana wa kiume mwenye alama shingoni hupigiwa makofi na wenzake. Msichana mwenye alama ile ile hutazamwa vibaya darasani, wakati mwingine hurudishwa nyumbani kumwita mzazi, na hakuna anayeuliza aliyeiweka ni nani. Swali hilo lingefaa kuwa la kwanza. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kijinsia inamlinda kila mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, hata pale anapoonekana kukubali. Mzazi au mwalimu anayeona doa kwenye shingo ya msichana wa miaka 14 na kuanza kwa fimbo anaweza kuwa anampiga aliyedhulumiwa.

Kuna alama zilizowekwa kwa nguvu, na hizo si za kuficha. Aliyelazimishwa ngono anatakiwa kufika hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafanya kazi ndani ya muda huo, na mapema ni bora. Dawa ya kuzuia mimba ina hadi siku tano. Asijioge kwanza, kama inawezekana, na nguo azitunze. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambayo daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, na HEAL Africa mjini Goma ni mahali panapojulikana kwa kazi hiyo. Doa lenye umbo la vidole pande mbili za koo ni la kukabwa, si la mapenzi. Akiwa na sauti iliyokauka au shida ya kumeza, aonwe na mganga siku hiyo hiyo.

Hata busu la hiari lina hatari yake, ingawa ni ya nadra sana. Huko New Zealand waganga walieleza habari ya mwanamke wa miaka 44 ambaye mkono wake wa kushoto ulikosa nguvu akiwa ameketi akitazama televisheni. Walimkuta na alama ya kunyonywa shingoni, juu ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Damu ilikuwa imeganda humo, na bonge likasafiri. Alitibiwa kwa dawa za kuyeyusha damu. Tukio kama hilo linahesabika kwa vidole duniani, lakini dalili zake ni za kujua: mkono au mguu kulegea ghafla, mdomo kwenda upande, maneno kukatika. Hapo ni hospitali bila kungoja asubuhi.

Kwa wengine wote, kalenda ndiyo inaamua. Doa likipita wiki mbili bila kufifia, likiwa gumu na linazidi kuvimba, au kama mtu anapata madoa ya namna hiyo mwilini bila kuguswa na yeyote, aende kupimwa damu. Na akifika aseme wazi lilivyotokea, pamoja na kila alichopaka. Wauguzi wa miji hii wameona shingo nyingi. Bila kutajiwa ile krimu, hawawezi kujua wanachotibu.