Bei ya Kariakoo mkononi mwa mteja wa Namtumbo

Kulinganisha bei kwa simujanja kabla ya kununua kumekwisha kuwa sehemu ya biashara ya rejareja Namtumbo, ingawa si kwa kila bidhaa. Kunagusa zaidi vitu ambavyo ni vilevile popote vinapouzwa: bati za geji 28 na 30, paneli na betri za sola, vipuri vya pikipiki, na simu zenyewe. Mteja hupiga picha ya kifaa, humrushia ndugu aliyeko Songea au Dar es Salaam, na mara nyingi jibu hurudi kabla hajatoka dukani.

Wenye maduka hawaupendi mtindo huo. Lawama ya muuza vifaa vya ujenzi ni kwamba mteja huja na bei ya Kariakoo kana kwamba mzigo hujileta wenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea kupitia Makambako ni zaidi ya kilomita 900, kisha kuna kama 70 za kufika Namtumbo. Lami imepunguza adha ya masika, lakini nauli ya mzigo iko palepale, pamoja na ujira wa wapakuaji na bati zinazopinda njiani. Linalomuuma zaidi ni daftari la mikopo. Anayemwonyesha bei ya mjini ndiye huyohuyo aliyechukua mifuko ya saruji Januari kwa ahadi ya kulipa ufuta au mbaazi zikishauzwa, wakati bei iliyo kwenye simu ni ya taslimu. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi kwa nini chaja, ambazo boksi moja hubeba kwa makumi, nazo zipandishwe bei kama bati.

Bei za mtandaoni nazo zina kasoro zake. Wauzaji wengi huweka picha na kuandika “bei njoo inbox”, kisha kila anayeuliza hupewa bei yake. Inapoandikwa waziwazi, huenda ni ya jumla kuanzia pisi sita, au ya simu iliyotumika Dubai ikasafishwa ikang’aa. Kwenye magrupu ya WhatsApp tangazo la miezi mitatu nyuma huzungushwa upya bila tarehe.

Bei ya kuaminika zaidi, cha ajabu, haihitaji simujanja. Bei kikomo za petroli na dizeli hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya, na hupatikana kwa *152*00# hata kwenye kitochi. Kwa mbolea ya ruzuku mambo yalikuwa mengine. Msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP uliwekewa shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imepita 120,000. Bei ikiwa moja, mkulima hakuwa na cha kulinganisha. Alichotafuta ni wakala wa karibu mwenye mzigo.

Maofisa wakiulizwa kuhusu mageuzi haya hukimbilia takwimu za laini za simu, zilizovuka milioni 70 mwaka 2023 katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 61.7 mwaka 2022. Ni namba ya kupendeza jukwaani. Laini si simu, na simu si simujanja: mtu mmoja hubeba laini mbili au tatu akiwinda bando nafuu. Jumla ya taifa haisemi ni wangapi Lusewa au Magazini, huku Namtumbo, wanaoweza kufungua picha ya bati. Hata msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa simujanja, uliotolewa katika bajeti ya 2021/22 ili zienee, ulifutwa mwaka uliofuata.

Mbele ya safari, faida kwenye simu na vifaa vya sola huenda ikazidi kubanwa, hasa wanunuzi wakizoea kuagiza wenyewe na kutumiwa mzigo kwa basi. Baadhi ya wenye maduka wanaweza kugeuka waagizaji wa kulipwa kamisheni, kazi isiyohitaji mtaji mkubwa. Mikopo pia inaweza kukazwa, maana anayepoteza wateja wa taslimu hana sababu ya kuwabembeleza wa daftari. Sukari ya robo kilo na mafuta ya kula ya kupimiwa vitabaki nje ya ushindani huo. Hakuna anayetangaza bei zake mtandaoni, na nauli ya kuvifuata Songea inazidi thamani yake.