Umefungua akaunti mpya Reddit na hakuna anayekujibu? Huenda umefungiwa kimyakimya

Umeandika posti yako vizuri, umeisoma mara tatu, umetuma. Baada ya saa moja unaangalia simu: hakuna komenti. Kesho yake, hakuna. Wiki ya pili inaisha na bado hujapata jibu hata moja. Hata wa kukutukana hayupo.

Chukua mfano wa kijana anayetafuta kazi za kutengeneza nembo na mabango. Kaambiwa kwamba Reddit kuna wateja kutoka nchi mbalimbali. Anafungua akaunti Jumatatu, siku hiyo hiyo anaweka tangazo lake kwenye jumuiya kumi, pamoja na linki ya kazi zake. Kila akiingia anaziona posti zake zote, zimekaa pale bila shida. Anasubiri mwezi mzima. Mwisho anajiambia: basi, kazi zangu ni mbaya.

Kumbe hakuna aliyeziona kazi zake.

Hiyo ndiyo shadobani, yaani kufungiwa kimyakimya. Ubaya wake mkubwa si posti kufichwa. Ni kwamba mtu huambiwi, kwa hiyo unaanza kujilaumu kwa kosa ambalo hulijui. Habari njema ni kwamba unaweza kujipima kwa dakika tano ukitumia simu yako.

Shadobani ni nini hasa?

Kwa kawaida ukifungiwa akaunti unapata ujumbe: umevunja kanuni fulani, huwezi kuingia tena. Shadobani haiko hivyo. Unaingia kama kawaida, unaandika, unapiga kura, unatoa komenti. Kwako wewe kila kitu kinaonekana. Kwa watu wengine wote hupo kabisa.

Kwa nini wafanye siri? Mbinu hii ilikusudiwa watu wa spamu na akaunti zinazoendeshwa na mashine. Ukimwambia mtu wa spamu kwamba umemfungia, atafungua akaunti nyingine dakika hiyo hiyo. Usipomwambia, ataendelea kupoteza muda akiandikia hewa.

Zamani Reddit waliitumia hata kwa watu wa kawaida waliovunja kanuni. Mwaka 2015 wakaleta utaratibu wa kusimamisha akaunti kwa wazi, ambapo mhusika anajulishwa. Kufungia kimyakimya kukabaki kwa ajili ya spamu. Shida ni kwamba mashine inayosaka spamu inaangalia mwenendo wa akaunti, haijui nia ya mtu. Akaunti ya siku moja yenye linki ileile sehemu kumi inafanana na spamu, hata kama mwenyewe ni kijana anayetafuta riziki yake kwa halali.

Jipime kwa dakika tano

Usianze kubahatisha. Fanya hivi kwanza.

1. Fungua kivinjari cha simu, mfano Chrome. Gusa vile vitone vitatu juu, chagua kichupo kipya cha hali fiche. Lengo ni kuangalia kama mtu mgeni ambaye hajaingia kwenye akaunti yoyote.

2. Andika reddit.com/user/ kisha jina la akaunti yako bila kuacha nafasi.

3. Simu ikikuuliza kama ifungue kwenye programu ya Reddit, kataa. Kwenye programu tayari umeingia na akaunti yako, kwa hiyo utaona kila kitu na kipimo hakitakuwa na maana.

Sasa angalia majibu.

Ukiambiwa ukurasa haupo, au hakuna mtu mwenye jina hilo, hakikisha kwanza umeandika jina sawasawa. Kama liko sawa, umefungiwa kimyakimya na Reddit wenyewe.

Ukiambiwa akaunti imesimamishwa, hiyo si shadobani. Umesimamishwa kwa wazi, na unatakiwa kuwa na ujumbe wa maelezo kwenye kikasha chako cha Reddit au kwenye barua pepe.

Ukurasa wako ukifunguka kama kawaida, akaunti ni nzima. Tatizo liko kwingine, na tutaliona hapo chini. Ukifunguka lakini hauna posti, usishtuke haraka: siku hizi Reddit inamruhusu mtu kuficha posti zake kwenye wasifu, kwa hiyo kagua mipangilio yako kwanza.

Kama bado una wasiwasi, kuna jumuiya inaitwa r/ShadowBan. Ukiweka posti pale, programu yao inaikagua akaunti yako na kukujibu.

Akaunti ni nzima, mbona posti hazionekani?

Hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Wanasema wamepigwa shadobani, kumbe ni kizuizi cha jumuiya moja tu.

Reddit imegawanyika katika jumuiya nyingi, na kila jumuiya ina wasimamizi wake. Hawa wasimamizi ni watu wa kujitolea, hawaajiriwi na Reddit. Ili wasielemewe na spamu, wanatumia chombo kinachoitwa AutoModerator. Unakipa masharti, chenyewe kinachuja. Masharti ya kawaida ni mawili: akaunti iwe na umri fulani, na iwe na karma ya kutosha. Karma ni zile pointi unazopata watu wanapopigia kura ya juu posti na komenti zako.

Akaunti ya siku mbili yenye karma 1 inakwama hapo hapo mlangoni. Na wasimamizi wengi hawatangazi kiwango wanachotaka, kwa sababu watu wa spamu nao wangekilenga hicho hicho.

Zaidi ya hapo, Reddit yenyewe inaipa kila akaunti daraja la ubora, kuanzia la chini kabisa hadi la juu kabisa, na wasimamizi wanaweza kulitumia katika kuchuja. Akaunti mpya ambayo haijathibitisha barua pepe haianzi vizuri.

Kujua kama ni kizuizi cha jumuiya, nakili linki ya posti yako na uifungue kwenye hali fiche. Mara nyingi utaona maelezo kwamba imeondolewa na wasimamizi au na vichujio vya Reddit. Kwa komenti ni kugumu zaidi: ikichujwa, wewe bado unaiona kama kawaida, lakini mgeni haioni. Kwa hiyo fungua mazungumzo yote kwa hali fiche na uitafute.

Na usisahau jibu la tatu: posti inaonekana vizuri, ila hakuna aliyevutiwa nayo. Labda umeiandika saa ambayo watu wa jumuiya ile wamelala. Hilo halihitaji rufaa, linahitaji kujaribu tena siku nyingine.

Ni nini kinachoiponza akaunti mpya?

Reddit hawatoi orodha kamili, lakini tabia hizi zinajulikana kuleta shida.

Kurudia maneno yaleyale kwenye jumuiya nyingi kwa muda mfupi. Hii ndiyo ishara kubwa ya spamu.

Kuweka linki mapema mno, hasa linki zilizofupishwa na zile za kualika watu ili upate kamisheni. Linki iliyofupishwa inaficha inakoelekea, ndiyo maana vichujio haviipendi.

Kuomba kura. Unatuma linki kwenye grupu la WhatsApp: "jamani niungeni mkono, pigeni kura." Unaona ni kusaidiana tu, lakini kwa kanuni za Reddit huko ni kuchezea kura. Hali kadhalika kutumia akaunti zako mbili kujipigia kura.

VPN. Hapa kwetu jambo hili si dogo. Tanzania, kwa mfano, mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na wapo wengi walioweka VPN ili waendelee kuingia, kisha wakaiacha ikiwa imewashwa muda wote. VPN, hasa ya bure, inakupitisha kwenye anwani moja na watu wengi usiowajua. Ikiwa miongoni mwao kuna wa spamu, akaunti yako mpya inaonekana kama mmoja wao. Ukifungua akaunti ya Reddit, izime kwanza.

Umethibitisha umefungiwa. Sasa?

Nenda reddit.com/appeals ukiwa umeingia na akaunti hiyo hiyo. Hiyo ndiyo njia rasmi ya kukata rufaa. Kabla ya kuandika, thibitisha barua pepe yako.

Andika kwa ufupi, kwa Kiingereza chepesi, mambo matatu tu: kwamba wewe ni mtu halisi na akaunti ni mpya, kwamba umegundua wasifu wako hauonekani kwa wengine, na jambo unalodhani limesababisha, kama lipo. Kwa mfano, ulituma tangazo moja sehemu nyingi bila kujua kanuni, na hutarudia. Usitukane, usitishie, usieleze historia ya maisha yako.

Ukishatuma, tulia. Usitume rufaa kumi kwa siku.

Usiwasumbue wasimamizi wa jumuiya kwa jambo hili. Wao wanaweza kuiruhusu posti yako moja ndani ya jumuiya yao, lakini hawana uwezo wa kuondoa kifungo kilichowekwa na Reddit. Lakini kama tatizo ni la jumuiya moja tu, basi wao ndio wa kuwaendea. Gusa sehemu ya kuwatumia ujumbe wasimamizi wote kwa pamoja, usimfuate mmoja mmoja kwenye kikasha chake. Salimia, weka linki ya posti, uliza kama imechujwa. Basi.

Makosa matatu yanayoharibu zaidi

La kwanza ni kufungua akaunti nyingine haraka haraka. Unaona kama umepata njia ya mkato, lakini simu ni ileile, laini ni ileile, linki ni ileile. Akaunti ya pili nayo inaanza na doa. Na ukiwa umefungiwa na jumuiya fulani, kurudi kwa jina jingine ni kuvunja kanuni za Reddit, na hapo unaweza kupoteza akaunti zote.

La pili ni kununua akaunti yenye karma. Haziruhusiwi, na aliyekuuzia anaweza kuirudisha kwake kwa barua pepe aliyoifungulia. Pesa yako imekwenda.

La tatu ni kumwamini anayesema "nitakutoa shadobani, nitumie pesa kidogo." Hakuna mtu wa nje mwenye ufunguo huo. Rufaa ni bure. Na akikuomba nywila au namba ya uthibitisho iliyokuja kwenye simu, ujue anataka akaunti, hataki kukusaidia.

Mwezi wa kwanza uishi vipi?

Ichukulie Reddit kama mtaa uliohamia jana. Huanzi kwa kugonga kila mlango ukiuza mchele.

Siku za kwanza thibitisha barua pepe na soma kanuni za kila jumuiya kabla ya kuandika. Zinakaa kwenye ukurasa wa jumuiya, sehemu ya maelezo. Kisha toa komenti kabla ya posti. Tafuta maswali unayoyajua kweli: bodaboda, kilimo cha nyanya, hesabu za shule, kutengeneza simu, lugha ya Kiswahili. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, machache kwa siku. Kuna jumuiya ya r/NewToReddit iliyowekwa mahsusi kwa wageni; wanasaidia na hawachoki na maswali ya kianzio.

Linki na matangazo yasubiri hadi uwe na historia kidogo. Na hata hapo, yawe machache kuliko michango yako ya kawaida. Kila wiki chukua dakika moja, fungua wasifu wako kwa hali fiche, uone kama bado upo.

Kama unaishi Ulaya

Wasomaji wetu walioko nchi za Umoja wa Ulaya wana kinga zaidi. Sheria yao ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, inaitaka mitandao imweleze mtumiaji sababu pale inapopunguza mwonekano wa anachoandika. Matangazo ya udanganyifu yanayomwagwa kwa wingi hayamo katika kinga hiyo. Julai mwaka huo huo mahakama ya Amsterdam, Uholanzi, ilimpa ushindi mtumiaji aliyefichwa kimyakimya kwenye mtandao wa X. Kwa hiyo ukiwa huko, kuuliza "kwa nini" ni haki yako kisheria.

Sisi wengine tuna hali fiche, rufaa ya bure na subira. Na yule kijana wa nembo? Kabla hajafuta kazi zake na kuamini hana kipaji, angefungua wasifu wake kama mgeni, dakika tano tu. Angegundua kwamba kazi zake hazijakataliwa na mtu yeyote. Hazijaonekana bado.